Taa ya Baba na Viwanja Viwili

Jumamosi, 2 Septemba 2023. Sakania.

Binti wa marehemu mdogo wangu amepiga simu kutoka Nairobi. Amemaliza masomo yake ya uuguzi, anarudi nyumbani tarehe 16. Nilikwisha anza kupiga hesabu ya nauli ya kwenda Lubumbashi, akanikatiza: “Shangazi, sishukii Luano. Nimekata tiketi ya Ndola.”

Nilinyamaza kidogo, kisha nikaona mtoto ana haki. Kutoka Lubumbashi hadi hapa reli ina kilomita 255, na treni huja ikipenda. Ndola iko ng’ambo tu, haifiki kilomita 30 ukipita kama ndege anavyopita. Usiku wa mawingu tukiwa uani tunauona mwanga wa mji wao ukipaka anga upande wa kusini, na mara mojamoja taa ya ndeke inashuka polepole mpaka miti inaimeza.

“Nani atanipokea?” akauliza.

“Mimi mwenyewe.”

Baada ya simu nilikaa na neno hilo, kupokea. Nimefundisha historia miaka 31 na sikumbuki kama niliwahi kuliandika ubaoni. Niliandika vita, mikataba, tarehe, majina ya marais. Lakini nikifikiria viwanja hivi viwili vya ndege, Luano wa Lubumbashi na Ndola, na sisi wa Sakania tuliolala katikati yake, naona habari yake yote ni habari ya nani alikuja na nani alitoka kumpokea. Nitaandika kidogo kidogo hapa mpaka siku ya safari.

Jumatatu, 4 Septemba

Leo nimeitoa taa ya Baba kabatini. Bati limeliwa na kutu ukingoni, chini kabisa, lakini vioo vyote vitatu ni vizima: cheupe, chekundu, cha kijani. Ukizungusha kifuniko cha juu, vioo vinazunguka ndani na kutoa mlio mdogo, kama mtu anayesaga meno usingizini. Kwenye mshikio kuna sehemu iliyolainika na kung’aa. Hapo ndipo kidole gumba cha Baba kilipokaa miaka yote.

Aliajiriwa relini enzi ya BCK. Kampuni ikawa KDL, ikawa SNCZ, ikawa SNCC. Taa ikabaki ileile.

Watoto wa shule walikuwa wakiniuliza bahari ya Kongo iko wapi. Nawaonyesha kwenye ramani kile kipande chembamba cha magharibi, kama kilomita 40 tu za pwani kwa nchi kubwa namna hii, nao wanacheka. Ndipo nawatoa nje tunatembea mpaka stesheni. Nawaambia: bandari yenu ni hii. Reli iliyotoka kusini ilifika Sakania Desemba 1909, ikatangulia hapa kabla ya kuingia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka uliofuata. Mashine za kuyeyushia shaba na vyuma vya madaraja vilivyoshushwa Beira vilipita mbele ya mlango huu. Kabla Katanga haijawa na uwanja wa ndege wowote, mgeni wake alipokelewa Sakania, na aliyempokea alikuwa mtu mwenye taa mkononi.

Baba alikuwa na sheria moja: taa haizimwi mpaka treni ipokelewe. Ikichelewa saa moja, anangoja. Ikichelewa mpaka alfajiri, anangoja, na Mama ananituma na bukari na sombe vilivyofunikwa kwa kitambaa, nampelekea kwenye benchi la stesheni. Niliwahi kumwambia, “Baba, labda haiji tena.” Alinitazama kana kwamba nimetukana. “Imetoka kule,” alisema. “Kitu kilichotoka lazima kitafutwe.”

Alhamisi, 7 Septemba

Luano niliujua nikiwa na miaka 17, mwanafunzi wa Lubumbashi. Jumapili baada ya misa tulikuwa tunaenda kusimama kando ya uzio kuangalia ndeke ya Air Zaïre, ile yenye chui, ikija kutoka Kinshasa. Hatukuwa na mtu wa kumpokea. Tulipenda ule muda mlango unapofunguliwa na watu wanasita juu ya ngazi, wanatafuta kwa macho. Mwenye mtu wake unamjua mara moja kwa jinsi anavyoshuka.

Miaka 14 kabla yetu, uwanja huohuo ulikuwa umekwisha mkataa mgeni wake mkubwa kuliko wote. Tshombe, kiongozi wa Katanga, alitangaza mkoa wake kujitenga tarehe 11 Julai 1960. Kesho yake Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba walikuja kwa ndege, wakuu wa nchi wanaotaka kushuka katika nchi yao wenyewe. Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Tshombe, hakukubali. Ndege ikazunguka, ikageuka, ikaenda zake. Nilipokuwa nikilifundisha hili, watoto waliuliza, “Sasa waliokuwa ndani walisema nini?” Sijui walisema nini, lakini namna walivyojisikia naweza kuiwaza. Hakuna aibu kama kubisha hodi nyumbani kwako ukaambiwa hakuna nafasi.

Mwezi mmoja baadaye, 12 Agosti, akaja Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, pamoja na askari wa kwanza wa Sweden. Huyu alipokelewa. Tshombe alikuwepo, bendera ya Katanga ilikuwepo, wimbo wa Katanga ukapigwa. Mapokezi yale yalikuwa ya kumfunga. Alitoka ndani ya ndege akakuta amewekewa heshima ya dola ambayo hakuja kuitambua, na picha zikapigwa. Kumbe hata heshima inaweza kuwa mtego, na mgeni akanaswa mbele ya watu wote akiwa amesimama wima.

Nimeona mambo haya yanajirudia. Tarehe 3 Agosti 2018, Moïse Katumbi alitaka kushuka Luano, katika mkoa aliokuwa gavana wake, na ndege yake ikanyimwa ruhusa. Akajaribu kuingia kwa barabara Kasumbalesa, napo akazuiwa. Tarehe 20 Mei 2019 akashuka, na umati ulijaa kutoka uwanjani mpaka katikati ya mji. Sina la kusema juu ya siasa yake hapa. Nasema juu ya njia ile ya lami: ni ileile.

Jumamosi, 9 Septemba

Nimepata kikaratasi cha zamani cha Go-Pass ndani ya kitabu cha sala. Wakati ule kila aliyesafiri nje alilipa dola 50 juu ya tiketi, ili viwanja vitengenezwe. Nilikitumia kama alama ya ukurasa. Nimekirudisha mahali pake, kwenye zaburi.

Joto limeanza. Masuku bado mabichi.

Jumatatu, 11 Septemba

Usiku sikulala vizuri, kwa hiyo niandike hili sasa.

Kipande chetu kile cha pwani, kilomita 40 zile, kina uwanja wa ndege. Uko Moanda, karibu na mawimbi ya Atlantiki. Ni uwanja mdogo. Watoto wakiniuliza mbona viwanja vya huku Katanga vina njia ndefu hivyo, nilikuwa nawaeleza hivi: sisi tuko juu, mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Bawa linaishika kwa shida, hasa mchana wa joto, kwa hiyo ndege lazima ikimbie sana kabla ya kunyanyuka. Ndiyo maana Luano ina zaidi ya kilomita tatu za lami. Pale Moanda hewa ni nzito, imekaa chini na maji, ndege inanyanyuka upesi.

Na siku ya 17 Januari 1961 ilinyanyuka kutoka Moanda ndege ya DC-4 ya Air Congo. Ndani yake walikuwemo Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Asubuhi walikuwa wametolewa gerezani Thysville, wakapelekwa pwani kwa ndege ndogo, na kule wakahamishiwa kubwa. Wakavushwa nchi nzima kutoka baharini mpaka kwetu, wakipigwa njia nzima. Walipigwa mpaka marubani wakajifungia chumbani mwao.

Jioni wakashuka Luano. Ule uwanja uliomkataa Lumumba Julai sasa ulikuwa tayari kumpokea. Askari walikuwa wamejipanga. Walinzi wachache wa Sweden wa Umoja wa Mataifa walikuwepo uwanjani, wakaona kwa mbali watu watatu wamefungwa, wakishushwa kwa vipigo na kusukumwa ndani ya gari. Hawakuingilia. Usiku uleule wote watatu waliuawa kwa risasi porini, upande wa Shilatembo, mbele ya mawaziri wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Baadaye miili ikafukuliwa ikayeyushwa kwa asidi. Polisi mmoja wa Kibelgiji, Gérard Soete, akaondoka na meno.

Nilipokuwa nafundisha somo hili nilikuwa nafika kwenye neno “akashuka” na sauti inanikatika. Siyo kwenye risasi. Kwenye kushuka. Mtu anatoka mlangoni juu ya ngazi, anatafuta kwa macho.

Juni 2022 Ubelgiji ikarudisha jino moja. Likawekwa ndani ya jeneza la ukubwa wa mtu, likasafirishwa kwa ndege: Sankuru kwao, Kisangani, halafu Lubumbashi, kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30. Nilikwenda. Nilisafiri siku mbili kwa ajili ya jino, na sijutii hata saa moja. Nilisimama kando ya barabara na wanawake wengine, kitambaa kichwani, jua kali. Gari lilipopita, mama mmoja mzee pembeni yangu alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unavyomwambia mtu aliyeingia kutoka shambani: “Karibu, Baba. Umechelewa.” Kisha akapiga vigelegele, na sisi wote tukapiga.

Alhamisi, 14 Septemba. Ndola, Chifubu.

Nimevuka asubuhi. Duane hawakunisumbua, mwanamke wa umri wangu mwenye kikapu hana cha kutafutwa. Nimeacha franka, nimechukua kwacha, na baada ya muda usiotosha hata kupiga usingizi nikawa Ndola. Nimefikia kwa binti wa mama mdogo, hapa Chifubu. Kibemba chao ni kilekile chetu, ila mnofu wa Kifaransa umetolewa na wa Kiingereza umewekwa.

Mume wake amestaafu udereva. Nimemuuliza njia ya uwanjani. “Upi?” akasema. “Wa zamani au mpya?”

Wa zamani uko mjini kabisa, kusini; siku hizi ni wa jeshi la anga. Hapo ndipo Tshombe alipokuwa anamngojea Hammarskjöld mwaka 1961. Mwaka 2011 Rais Sata aliupa jina la Simon Mwansa Kapwepwe, mpigania uhuru aliyekuwa makamu wa rais wa Zambia kuanzia 1967 hadi 1970. Halafu jina likahamia kwenye uwanja mpya, ulioko kama kilomita 15 magharibi, njia ya Kitwe. Ulianza kujengwa 2017 na kampuni ya Kichina, AVIC International, kwa dola milioni 397 hivi, na Rais Lungu akaufungua tarehe 5 Agosti 2021, wiki moja kabla ya uchaguzi. Njia ya kurukia ina kilomita 3.5, na jengo limepangiwa abiria milioni moja kwa mwaka.

“Milioni moja,” alisema shemeji, akatingisha kichwa. Sikuona kama anasikitika au anajivunia. Nadhani yote mawili.

Mimi nilitaka kumwambia jambo jingine. Waliposogeza uwanja magharibi, waliusogeza mpaka mlangoni pa msitu ule. Ndege zinashuka leo jirani na mahali ilipoanguka ile ya Hammarskjöld.

Ijumaa, 15 Septemba. Ndola.

Leo tumekwenda kwenye ukumbusho wa Hammarskjöld. Barabarani magunia ya makala, yaani makaa, yamesimamishwa kwa safu, midomo yake imezibwa kwa majani na kushonwa kwa kamba. Kisha unaiacha lami, unaingia miombo. Majani machipukizi ya Septemba ni mekundu kama shaba, kila mwaka nasahau, kila mwaka nashangaa. Ilipoangukia ndege pana rundo la mawe na ukimya. Tulikuwa watatu tu na mlinzi.

Naandika kama ninavyolifahamu.

Septemba 1961 vita vilikuwa vimelipuka Elisabethville kati ya Umoja wa Mataifa na Katanga. Tshombe alivuka mpaka kuingia Rodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na Hammarskjöld akakubali kukutana naye Ndola ili mapigano yasitishwe. Alipanda ndege Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 17 mchana. Ilikuwa DC-6 waliyoiita Albertina, nahodha wake Per Hallonquist, jumla watu 16. Waliogopa ndege ya kivita ya Katanga, ile Fouga, kwa hiyo hawakukata njia ya moja kwa moja. Walizunguka mashariki, wakapita upande wa ziwa Tanganyika, redio kimya. Saa sita usiku na dakika kumi rubani akaongea na mnara wa Ndola. Akasema anaziona taa za uwanja, yuko juu ya Ndola, anashuka.

Basi. Hakusikika tena.

Pale uwanjani walikuwepo watu wa kumpokea. Alikuwepo Lord Alport, balozi wa Uingereza katika shirikisho la Rodesia. Dakika zikapita, Alport akasema pengine Katibu Mkuu amebadili nia, ameenda mahali pengine. Uwanja ukafungwa kwa usiku ule, watu wakalala. Mtu amesema anaona taa zenu, anashuka. Halafu mnasema ameenda pengine! Msako wa anga ulianza asubuhi jua limeshapanda, na mabaki yakatangazwa kuonekana alasiri, saa 15 baada ya kuanguka. Kilomita 15 tu kutoka uwanjani. Alikuwepo mtu mmoja hai, Harold Julien, mlinzi wa Umoja wa Mataifa, amelala na majeraha yake ya moto chini ya jua lile. Aliishi siku sita.

Nikiwa nimesimama kwenye mawe yale nilimfikiria Julien kuliko Hammarskjöld. Saa 15. Baba angetoka na taa yake akaenda kwa miguu.

Na watu waliokuwa karibu, wachoma makala wa msitu huu, walikuwa macho, maana tanuru la makala halilali. Kadhaa wao walieleza kwamba waliona ndege nyingine, ndogo, na mwanga ukitoka juu. Tume ya Rodesia ikayasukuma kando maneno ya Waafrika hao, ikaandika kosa la rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa ya 1962 haikuufunga mlango. Miaka 50 ikapita. Mwaka 2011 Susan Williams akatoa kitabu chake, na Msweden Göran Björkdahl alikuwa amekwisha zunguka vijiji kuwasikiliza wazee waliobaki. Tangu 2015 Umoja wa Mataifa umemkabidhi uchunguzi Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Ripoti yake ya 2017 ilisema inawezekana kabisa kwamba ndege ilishambuliwa au ilitishwa kutoka nje, na anaendelea kudai nchi kubwa zifungue makabati yao.

Limenigusa kwamba ni Mswahili mwenzetu. Ushahidi wa mchoma makala ulipuuzwa kwa sababu ya lugha yake na ngozi yake, na sasa jalada liko mezani kwa mtu ambaye angeweza kukaa naye kwenye kigoda akamsalimu shikamoo.

Shemeji aliniuliza kama watu wa Sakania walisikia kitu usiku ule. Kutoka hapa mpaka nyumbani kwetu hata kilomita 30 hazifiki. Nilimpa jibu la Mama. Tuliwahi kumuuliza mara nyingi, kwa sababu alikuwa macho: mdogo wangu alikuwa mchanga, ana homa. Angeweza kutupa hadithi nzuri. Kila mara alisema, “Sikusikia kitu. Mtoto alikuwa analia.”

Mtoto huyo ndiye baba wa binti ninayemngojea kesho.

Jumamosi, 16 Septemba, usiku. Uwanjani.

Naandika kwenye paja, chini ya taa nyeupe zinazofanya kila mtu aonekane mgonjwa. Jengo ni zuri. Nalisema kwa moyo mmoja. Sakafu inang’aa mpaka unaona mzigo wako kichwa chini, vyoo vina maji, viti vinatosha, na mtu wa kigari cha walemavu hana haja ya kubebwa mahali popote. Watu wetu wanastahili hivi. Bibi mmoja ameketi karibu yangu, amevua viatu, miguu juu ya sakafu baridi, amefumba macho kwa raha.

Ndege ilikuwa ifike saa mbili usiku. Ubao wa taa umeandika imechelewa, hauna saa.

Saa nne. Wengi wameondoka kwenda kungoja majumbani. Dereva wa teksi niliyekubaliana naye amekuja mara ya pili, kijana mwenye adabu, kofia mkononi.

“Mama, ndeke haitafika tena leo. Watakuwa wameipeleka Lusaka. Twende tu, kesho nitakurudisha.”

“Nani amesema imekwenda Lusaka?”

“Watu wanasema.”

Nimemwambia aende akalale, nitampigia. Hakwenda. Ameketi mistari miwili nyuma yangu, amejikunyata ndani ya jaketi.

Mwanamke anayepiga deki amefika miguuni pangu, akasimama. “Mulelolela bani, bamayo?” Unamngoja nani, mama? Nikamjibu kwa Kibemba kwamba namngoja mtoto wa mdogo wangu, anatoka Nairobi. Akauliza kama anajua nipo. Nikasema anajua. “Basi yuko njiani,” akasema, akazungusha deki yake kwenye viatu vyangu bila kuvigusa.

Kupitia kioo naona taa za njia ya kurukia, mistari miwili, ya mwisho kabisa imegusa msitu. Nimezihesabu mpaka 40 nikachanganyikiwa. Hakuna aliyezizima.

Saa tano na robo.

Saa tano na nusu na kidogo: sauti kwanza, kisha mwanga.

Jumapili, 17 Septemba. Sakania.

Alitoka wa mwisho au karibu na wa mwisho, begi moja linavutwa, jingine mgongoni. Mlangoni akasita. Akatafuta kwa macho. Ana uso wa baba yake mpaka kwenye ile nyusi iliyokatika. Sikuweza kuita jina, nikanyanyua tu mkono wenye kanga. Akaja akapiga magoti palepale kwenye sakafu inayong’aa, kama ilivyo desturi kwetu, na watu wakapita pembeni yetu na vigari vyao.

“Shangazi, bado upo? Nilijua utakuwa umekwenda kulala.”

Dereva alibeba mabegi yote mawili na hakutaka nyongeza. Nikamlazimisha.

Asubuhi tukavuka. Mchana bukari, sombe, samaki wa kukaushwa, majirani, nyimbo, maswali mia. Ameulizwa kama Nairobi wanakula vizuri, ameulizwa kama ana mchumba. Jioni wageni walipopungua akaiona taa juu ya meza.

“Hii ya Babu? Inawaka?”

Nikamwambia sijui, haijawashwa tangu Babu alipokufa. Tukaifungua kwenye mwanga wa dirisha. Utambi ulikuwa mgumu kama kijiti, akaukata ncha kwa mkasi wake wa uuguzi, akaloweka, akavuta kidogo kwa kibano. Mafuta ya taa nilikuwa nayo nusu chupa. Mara ya kwanza ilitoa moshi tu. Mara ya pili ikashika.

Nikamweleza leo ni usiku gani, na baba yake alikuwa wapi usiku kama huu mwaka 1961, na Mama alijibu nini kila alipoulizwa. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaichukua taa, akaitoa uani, akaitundika kwenye tawi la mwembe upande wa kusini. Akazungusha kifuniko mpaka kioo cheupe kikakaa mbele.

Tumetoa viti viwili. Yeye amelala kwenye chake, shingo imepinda, uchovu wa safari. Nimemfunika kwa kanga.

Sasa ni saa sita na dakika kumi na tatu. Mafuta yamebaki kimo cha kidole kimoja.